Hisa za kampuni za majengo: fleti za Kira au magodauni ya Seeta?

Muuza_Vitenge: Habari za jioni wenzangu. Nina milioni 40 zimelala, na watu wawili wamenifuata wakiniuzia hisa. Kampuni ya kwanza inajenga fleti Kira, hapa Uganda nje kidogo ya Kampala. Ya pili inapangisha magodauni Seeta. Hakuna iliyo kwenye soko la hisa, ni mambo ya kujuana. Nimeomba hesabu zilizokaguliwa, nikapewa (za Kiingereza, natafsiri nionavyo). Ya Kira ina mkopo mnene wa benki, na huku nyuma kwenye maelezo kuna "ahadi za mtaji" bilioni 9. Ya Seeta haina mkopo hata wa shilingi moja. Moyo wangu uko Seeta. Nani ananipinga?

Dada_Arua: Mimi sikupingi. Asiye na deni hulala usingizi. Na Kira yenyewe kila geti lina bango la kutafuta mpangaji.

Mhasibu_Ntinda: Polepole jamani. Ahadi ya mtaji si deni. Mkataba umesainiwa, kazi bado. Deni linazaliwa mkandarasi akishajenga na kazi yake ikathibitishwa. Ndiyo maana haimo kwenye mizania (ile orodha ya mali na madeni). Kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IAS 40, inataka itajwe kwenye maelezo, basi. Muuza, tazama kama wameigawa: iliyosainiwa mbali, iliyoidhinishwa na bodi tu mbali. Hii ya bodi wanaweza kuiahirisha kesho asubuhi. Ile ya mkataba wakiikimbia watakutana na mkandarasi mahakamani. Kisha uliza pesa zinatoka wapi: benki imeshakubali kwa maandishi, au wanategemea fleti ziuzwe kabla hazijaezekwa? Na mkopo ni wa dola au shilingi? Mpangaji akilipa shilingi na benki ikadai dola, hapo ndipo watu huumia.

Sasa rudi kwa Seeta wako msafi. Umesoma maelezo ya madeni tarajiwa, yaani yale ambayo huenda yakaja, huenda yasije?

Fundi_Bweyogerere: Niongeze kwa Kira. Hiyo bilioni 9 ni bei ya siku ya kusaini. Nimefanya kazi kwenye maghorofa, sijaona hata moja lililoisha kwa bei hiyo. Ulizeni kama mkataba unaruhusu bei kupanda saruji na nondo zikipanda.

Muuza_Vitenge: Nimerudi kusoma. Seeta kuna aya tatu. Moja, wamedhamini mkopo wa bilioni 6 wa kampuni nyingine ya wakurugenzi haohao. Mbili, kesi ya wenye vibanja (wakazi wanaokalia ardhi ambayo hati ni ya mwingine) kwenye ekari 4. Tatu, ubishi na URA, mamlaka ya mapato. Kila aya inaishia kwamba wakurugenzi, kwa ushauri wa mawakili, hawatarajii hasara.

Mhasibu_Ntinda: Sentensi hiyo utaikuta kila mahali, kama "Mungu ni mwema" nyuma ya taksi. IAS 37 ina ngazi tatu. Hasara ikielekea zaidi kutokea kuliko kutotokea, na inakadirika, inatengewa fedha kwenye hesabu. Ikiwa inawezekana tu, inaandikwa kwenye maelezo. Ikiwa uwezekano ni mdogo mno, hakuna kuandika. Anayechagua ngazi ni wakurugenzi wenyewe, mkaguzi anahoji.

URA: kwa kawaida, shauri lisikilizwe kwenye baraza la rufaa za kodi, unaweka kwanza asilimia 30 ya kodi uliyokadiriwa. Kwa hiyo huenda pesa imeshatoka. Imeandikwa wapi?

Lakini kinachonitisha ni dhamana. Kama wanafuata IFRS kamili (kanuni za kimataifa za hesabu, si toleo fupi la kampuni ndogo), dhamana ya mkopo ilipaswa kupewa thamani kwenye mizania, si kufichwa ndani ya aya. Huyo asiye na mkopo amebeba wa ndugu yake.

Mzee_wa_Mukono: Wanangu, hiyo ekari 4 msiipite haraka. Aliyekaa kwenye ardhi bila kupingwa miaka 12 kabla ya Katiba ya 1995, Sheria ya Ardhi ya 1998 inamtambua, na marekebisho ya 2010 yanasema hatolewi ila kwa amri ya mahakama, kwa kutolipa busuulu, ile kodi ya ardhi ya kila mwaka. Mimi nilinunua mailo (ardhi ya umiliki wa kudumu) yenye hati safi, nikakuta familia tano na makaburi. Nimezilipa moja moja mpaka leo. Kafanye upekuzi ofisi ya ardhi, uone kama kuna kaveti, yaani zuio lililosajiliwa juu ya hati.

Dada_Arua: Haya, nimegeuka. Kwa nini basi usinunue hati fungani za serikali? Zinaanzia laki moja, na za miaka 10 kwenda juu kodi ya riba ni asilimia 10 badala ya 20.

Muuza_Vitenge: Dada, ghorofa naliona nikipita na boda. Hati fungani naionea wapi?

Dada_Arua: Kwenye simu, siku riba inapoingia 😂

Muuza_Vitenge: Ripoti ya leo. Wa Seeta nimemwomba nakala ya mkataba wa dhamana, akasema hizo ni karatasi za familia. Wa Kira ametuma mkataba wa benki kwa WhatsApp saa sita usiku, kurasa 61. Mhasibu, Jumamosi una nafasi?

Mhasibu_Ntinda: Nipo. Njoo na ratiba ya malipo ya mkandarasi pia.