Bia ya ukungu, Segerea

*Kikundi: Ukoo wa Dar*

Deo: Shikamooni. Anko, yale makopo ya bia, Heady Topper, niliyokuja nayo kutoka Boston umeshafungua? Yasikae nje ya friji, harufu inaisha.

Anko Lema: Marahaba. Nimefungua sasa hivi. Nimemimina kwenye glasi, na tayari sijaipenda. 📷

Deo: Glasi tena?! Anko, kopo limeandikwa juu kabisa inywewe humo humo!

Anko Lema: Nikinywa kitu lazima nikione. Na sasa najua kwa nini hawataki tuone. Haipitishi mwanga, halafu kuna vichembe vinaelea.

Baba Junior: Si mbege hiyo 😂

Anko Lema: Usiitukane mbege. Mbege ina ndizi na ulezi, lazima iwe nzito. Hawa wamesahau kuchuja.

Deo: Heady Topper haichujwi makusudi. Ndiyo inayotajwa kuanzisha mtindo wenyewe wa bia ya ukungu, huko Vermont, Marekani. Mafuriko ya dhoruba Irene yaliisomba baa yao Agosti 2011, siku chache baadaye wakaanza kuuza kwenye makopo. Watu wakawa wanapanga foleni.

Shangazi Anna: Foleni ya bia. Haya.

Baba Junior: Anko, onja basi, tunasubiri

Anko Lema: Ngoja, bado nanusa. Embe, ganda la chungwa, na kama majani ya msonobari. Hapo nakubali, harufu ni safi kweli.

Anko Lema: Nimeonja. Nilijikaza kwa uchungu, maana ile bia chungu, IPA, niliyowahi kupewa Masaki ilikuwa kama mwarobaini. Hii inateleza. Uchungu unakuja nyuma, ukija hauondoki.

Deo: Hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, zikichemshwa muda mrefu ndiyo zinatoa uchungu. Za mtindo huu nyingi huwekwa mwishoni, nyingine bia ikiwa imeshapoa, ndiyo maana harufu inazidi.

Baba Junior: Kwa hiyo umeokoka?

Anko Lema: Wapi. Hii ni ya kunusa. Mtu umetoka kwenye jua la Kariakoo una kiu, utaanza kutafuta embe kwenye glasi? Nipe Safari ya baridi. Ila kwa kitimoto chenye pilipili… kipande kimoja, funda moja, aisee vinaelewana. Mafuta yanakatika kabisa.

Mama Neema: Kitimoto cha watoto hicho unachomaliza.

Deo: Taratibu anko, hiyo ni dabo IPA, kali kuliko ya kawaida. Kilevi asilimia 8.

Anko Lema: Mbona haisikiki??

Deo: Ndiyo hatari yake. Kopo ni mililita 473. Kilevi chake ni kama Safari moja na theluthi.

Anko Lema: Nimebakiza robo glasi. Kopo la pili nimeliweka nyuma ya maziwa, Baba Junior asijisumbue kuja.

Baba Junior: Nipo getini

Mama Neema: Mfungulieni. Na wewe Baba Neema usiniulize funguo za gari, ziko kwenye pochi yangu.