Naomba ushauri: desibeli 3 zinasaidia kweli kwenye kupokea?

Wakuu, nipo Ujiji, Kigoma, nasikiliza redio za ridhaa (watu wanaowasiliana kwa redio kama burudani) kwenye masafa ya mita 20. Mshale wa kipimo cha nguvu ya mawimbi kwenye redio hautikisiki kabisa, ila sauti za watu nazisikia kwa mbali, zinazama kwenye mikwaruzo halafu zinaibuka. Najua desibeli 3 ni nguvu mara mbili, na alama moja ya S kwenye kipimo hicho ni desibeli 6, yaani mara nne. Kwa kituo chenye mawimbi makubwa hiyo si kitu, ila kwa huyu anayezama nahisi ndiyo tofauti ya kudaka jina la kituo au kulikosa. Ili nizipate hizo desibeli 3, hela inatosha kitu kimoja tu: kebo bora ya antena, au mlingoti mrefu zaidi? Na kelele za chaja ya sola ya jirani, si nazo zitapanda pamoja na sauti hizo? Mliopambana na hili nielekezeni tafadhali.