Namba ya mbolea ya ruzuku iko kwenye laini ya marehemu mume wangu, nifanyeje?

Mama wa Kongwa
Habari zenu wakulima wenzangu. Niko Kongwa, nalima mahindi na alizeti, ekari 4. Mume wangu alifariki mwezi wa tatu. Yeye ndiye aliyejiandikisha kwa mtendaji wa kijiji tangu msimu ule wa kwanza wa ruzuku hii ya namba, 2022/23, DAP, mbolea ya kupandia, iliposhuka toka 131,000 na ushee mpaka 70,000 kwa mfuko wa kilo 50. Laini yake ilikaa bila kutumika, imefungwa.

Juzi nimepanda boda mpaka kwa wakala, pesa ya mifuko miwili nimeifunga kwenye ncha ya khanga. Kaingiza namba yangu, hakuna kitu. Kaingiza ya marehemu, likatokea jina lake na ekari zetu 4, ila ujumbe wa kuthibitisha ukaenda kwenye laini isiyopatikana. Kuliona jina lile kwenye simu ya dukani, jamani, nilishindwa hata kuaga. Nikarudi mikono mitupu. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu, zikianza Desemba huna pa kusubiri. Kuna kijana kaniambia nimpe 20,000 "anirekebishie". Nimpe?

Muuza pembejeo
Pole sana mama kwa msiba. Usimpe hata shilingi, kujiandikisha ni bure. Na usimlaumu wakala. Hela ya ruzuku haipiti mkononi mwa mkulima. Wewe unalipa bei iliyopunguzwa, ile tofauti serikali inamlipa muuzaji kwa kufuata mauzo yaliyosomeka kwenye mfumo. Nikikupa mfuko bila namba, pengo linabaki kwangu. Nenda kwa mtendaji na kitambulisho cha NIDA na laini iliyosajiliwa kwa jina lako, uandikishwe wewe kama mkulima. Usihangaike kufufua laini ya mzee.

Babu wa Mpwapwa
Mwanangu, mimi nilishika vocha za mbolea za karatasi enzi zile. Ilikuwa unatia dole gumba, halafu mfuko unauona kwa jirani mwenye duka. Kwa hiyo namba yako ukishaipata, usimwazime mtu, hata shemeji. Atachukua mbolea kwa jina lako, wewe ukifika unaambiwa mgao wako umeisha. Na shamba ulitaje lote ekari 4, maana mifuko inahesabiwa kwa ukubwa wa shamba. Wajane wengi huandikiwa ekari moja kwa kuonewa huruma. Huruma hiyo haiotishi mahindi.

Mama wa Kongwa
Asanteni, Mungu awabariki. Nimetoka ofisi ya kijiji leo. Mtendaji kafungua daftari, kaupata mstari wa mume wangu, akauliza, "Nimfute?" Nikamwomba amwache kwanza, aandike jina langu chini yake. Ekari 4, nimesimamia mwenyewe mpaka akaandika. Saa kumi ujumbe wenye namba yangu umeingia kwenye simu. Kesho alfajiri naenda. Ndugu muuza pembejeo, Urea nayo, ile ya kukuzia, niichukue kabisa au ningoje mahindi yafike magotini?

Muuza pembejeo
Chukua zote safari moja, nauli ya boda ni ileile. Urea iweke juu ya mbao isiguse sakafu, inavuta unyevu ikaganda. Na ukiiweka shambani, ngoja siku ambayo udongo una maji.