Naomba ushauri: picha za mtoto wangu kwenye kurasa za udaku

Ndugu wanachama, heshima kwenu. Mimi ni mwigizaji wa tamthilia hapa Dar es Salaam, na tangu nianze kuigiza mke mwovu, kazi ambayo kusema kweli ndiyo inayolipa ada, kurasa za udaku zimekuwa zikichapisha picha za binti yangu wa darasa la tatu akiwa amevaa sare ya shule, jambo ambalo mume wangu, asiyeuomba umaarufu huu, amechoka kulivumilia. Nimewaandikia wenye kurasa kwa upole. Mmoja alifuta, wengine wakauanika hata ujumbe wangu.

Je, kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, mzazi hupeleka malalamiko moja kwa moja kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, au huanzia polisi? Na kwa waigizaji wenzangu wenye watoto, je, mikataba yenu ina kipengele kinachozuia familia kutumiwa katika kutangaza tamthilia?