Seli shina kwa endometraitisi sugu: kuna tiba au ni biashara?

Tabibu_Kondoa
Wakuu, habari za kazi. Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dodoma: seli shina (stem cell) za kitovu, zinaingizwa kwenye kizazi mara moja tu, eti zinamaliza endometraitisi sugu (mchochota wa muda mrefu kwenye ukuta wa ndani wa kizazi) hata iliyoshindikana kwa dawa. Akina mama wanakuja nalo kliniki na hoja yao ni moja: kama Hospitali ya Benjamin Mkapa wanapandikiza uloto kwa watoto wa selimundu, hii ya kizazi inashindikana vipi? Naomba wenye utaalamu watusaidie: ushahidi ukoje, seli zenyewe zikifika kwenye kizazi zinafanya nini, na mama aliyemaliza antibayotiki ya doksisaiklini bila nafuu aanzie wapi.

Uloto_na_Damu
Nianze na la Mkapa, maana ndilo linalouza tangazo. Upandikizaji unaofanyika pale tangu 2023 ni wa seli shina zinazotengeneza damu. Mgonjwa anapewa kwanza dawa kali za kuondoa uloto wake, halafu seli za ndugu anayelingana naye aina ya tishu (HLA), nazo zinahamia kwenye mifupa na kuzalisha damu mpya.

Za kwenye tangazo ni seli za mesenkaima. Hupatikana kwenye ute wa kitovu, uloto, mafuta ya mwili, hata damu ya hedhi. Haziendi kujenga kizazi kipya. Nyingi hufa au kuondolewa na mwili ndani ya siku chache, na kazi yake kubwa ni kutoa kemikali na vifuko vidogo sana, eksosomu, vinavyotuliza kinga: TNF-alfa na IL-6, zinazochochea mchochota, zinashuka, na IL-10, inayoutuliza, inapanda. Ukizipitisha kwenye mshipa wa mkono, nyingi hunasa kwenye mapafu.

Ushahidi wa endometraitisi kwa sehemu kubwa ni wa wanyama. Panya anawekewa LPS, sumu ya ganda la bakteria, kizazi kinawaka, kisha anapewa seli na mchochota unapungua. Sasa jiulize: bakteria hai yuko wapi hapo? Kwa binadamu, tafiti ambazo wauzaji huzitaja ni za makovu ya ndani ya kizazi (Asherman) na ukuta mwembamba. Ile ya Hispania ya 2016 ilikuwa na wanawake 16, seli zenye alama ya CD133 kutoka uloto wao wenyewe, zikapitishwa kwenye ateri ya kizazi. Baadhi walipata mimba, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha. Kovu ni jambo moja, maambukizi sugu ni jingine.

Kinyama_na_Nta
Mimi swali langu linatangulia hayo yote: nani kathibitisha kwamba ni endometraitisi sugu? Ultrasaundi haiwezi. Maumivu ya nyonga na uchafu ukeni havitoshi. Kinachohitajika ni kinyama cha ukuta wa kizazi chenye seli za plazima (seli za kinga zinazotengeneza kingamwili), na hapo ndipo kazi inapoharibika.

Chukua siku ya 6 hadi ya 12 ya mzunguko, hedhi ikiwa imekwisha, baada ya kupima mimba. Mrija wa Pipelle wa milimita 3 unatosha, hauhitaji kupanua shingo ya kizazi. Ukichukua karibu na hedhi, ukuta umejaa seli za kinga za kawaida na msomaji anachanganyikiwa. Weka kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo wake mara kumi ya kinyama. Nimetaja mara kumi kwa makusudi, kwa sababu kile kichupa chenye fomalini ya kufunika chini tu huleta tishu iliyooza katikati.

Rangi ya kawaida ya maabara (H&E) hukosa seli nyingi za plazima, kwa hiyo omba CD138, rangi maalumu ya kuonyesha seli hizo. Nayo ina mtego wake: hushika pia seli za tezi, hivyo asiyezoea huhesabu kila chenye kahawia na kuandika "chanya". Majibu yaseme idadi ya seli kwa kila uwanja wa darubini. Kama maabara yenu haina CD138, tumeni kitalu cha nta, yaani kinyama kilichogandishwa ndani ya nta. Kinasafiri bila barafu, ila kisiachwe kwenye dashibodi ya gari na jua hili la Dodoma.

Mfamasia_Nkuhungu
Naongezea upande wa dawa, maana "imeshindikana kwa dawa" mara nyingi maana yake dawa haikunywewa inavyotakiwa. Doksisaiklini ni mg 100 mara mbili kwa siku, siku 14. Siku 7 za uchafu ukeni hazihesabiki. Isinywewe pamoja na maziwa, dawa za kiungulia wala vidonge vya kuongeza damu. Madini ya chuma huishika tumboni na haifyonzwi. Wapishanishe saa mbili au tatu. Maji glasi nzima, na asilale nusu saa. Asiwe mjamzito.

Kinyama cha pili kikionyesha seli za plazima bado zipo, wengi huenda kwenye siprofloksasini na metronidazo, mg 500 kila moja mara mbili kwa siku, siku 14. Kabla ya hapo hakikisheni hakuna kitanzi cha zamani, masalia ya mimba au polipu. Kikibaki kitu ndani, antibayotiki zitazunguka tu.

Na zile kapsuli za "stem cell" wanazouziana mtaani? Ni za mimea. Hazina seli hai hata moja.

Mchambuzi_UDOM
Msiichome sayansi yenyewe. Eksosomu hasa zina mwelekeo mzuri. Tatizo ni kutuliza kinga wakati mdudu bado yupo: dalili zinanyamaza, ugonjwa unaendelea.

Mwenye tangazo aombwe vitu hivi: kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), idhini ya TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), na cheti cha toleo la seli kinachoonyesha asilimia ya seli hai (chini ya 70 ni mashaka), vipimo vya bakteria, maikoplazma na endotoksini, na alama za CD73, CD90 na CD105 zinazotambulisha seli za mesenkaima. Aulizwe pia naitrojeni kimiminika anaitunza wapi, kwa sababu seli hizo huhifadhiwa kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Kibegi cha barafu hakifikii baridi hiyo. Marekani mwaka 2018 wagonjwa 12 walipata maambukizi ya bakteria baada ya kuchomwa bidhaa za damu ya kitovu. Na utafiti halali kwa kawaida haumtozi mshiriki mamilioni.

Tabibu_Kondoa
Asanteni sana. Moja limebaki: TB ya kizazi. Naweza kuipima kwa kinyama hichohicho?

Kinyama_na_Nta
Unaweza, ila gawanya pale pale mezani. Kipande kimoja fomalini, kingine kwenye salaini tasa kwa GeneXpert (kipimo cha vinasaba vya TB) na kuotesha. Ukitumbukiza chote kwenye fomalini, mdudu hataota tena. Halafu siku zinagongana: TB huonekana vizuri zaidi siku chache kabla ya hedhi, CD138 baada ya hedhi. Mama mwenye historia ya TB, au aliyeacha kuona hedhi, mchukue mara mbili. GeneXpert hasi isikutulize, bakteria wa huko huwa wachache. Soma na majibu ya granuloma, yaani vinundu vya mchochota vinavyoonekana kwenye darubini. Ikithibitika, ni dawa za TB miezi sita, na kwenye kliniki ya TB hazilipiwi.