Manukato ya wanaume kwenye joto la Pwani: ni yapi mmeyavaa mkaridhika nayo?

Abiria wa Kimara ameuliza:

Habari zenu, wadau. Naomba uzoefu wenu wenyewe na si maneno ya matangazo. Nina umri wa miaka 34, nafanya kazi ya ofisini katikati ya jiji la Dar es Salaam, na kila asubuhi napanda mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni nikiwa nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba la juu, kwapa la jirani liko usawa wa pua yangu na la kwangu, bila shaka, liko usawa wa pua ya mwingine. Kwa miaka yote hiyo nimetumia deodoranti na mafuta ya kupaka tu. Mwaka huu nimeamua kununua chupa moja ya manukato ya maana kutoka kwenye hizi nyumba kubwa za mitindo, kama vile Dior, Chanel, Hermès, Armani au Versace, nami nitaitumia hiyo hiyo mpaka iishe.

Kinachonitatiza ni kwamba maelezo mengi ninayoyasoma yameandikwa na watu wanaoishi kwenye baridi. Mtu anasema chupa fulani inafaa kwa siku za joto, lakini joto lake ni la nyuzi 24, wakati mimi nazungumzia Februari ya Dar es Salaam, ambapo saa mbili asubuhi shati limekwisha kugandana na mgongo. Sitaki kujua inavyonukia dakika tano za mwanzo. Nataka kujua inavyonukia saa kumi jioni, baada ya jasho kuja na kukauka mara tatu.

Nimekwisha kupata hasara mara moja. Nilinunua barabarani chupa iliyoandikwa Bleu de Chanel kwa bei ambayo ingepaswa kunishtua. Nusu saa ya kwanza nilijiona bwana harusi, lakini ilipofika saa sita ilikuwa imebaki harufu ya spiriti na sabuni ya kufulia. Sasa tunaipulizia mapazia. Naomba pia mnieleweshe kama maandishi ya EDT (eau de toilette) na EDP (eau de parfum) kwenye chupa yana maana yoyote kwenye hali ya hewa yetu.

Mwana wa Kibokoni amejibu:

Ndugu yangu wa Kimara, pole kwa hayo mapazia. Kuhusu Bleu de Chanel halisi, jaribu siku moja kufungua na kufunga kifuniko chake dukani: ndani mna sumaku, kwa hiyo hujivuta chenyewe na nembo ikakaa sawa na upande wa mbele wa chupa. Angalia pia namba ya toleo iliyoko chini ya chupa, kwa sababu inatakiwa ilingane na ile ya kwenye boksi. Dalili hizi peke yake hazitoshi, lakini bandia nyingi huanguka hapo hapo.

Mimi nimelelewa Mombasa katika nyumba ambayo nguo zilifukizwa udi kila usiku wa kuamkia Ijumaa, na kwa hiyo nilipoanza kununua chupa za Ulaya niliziona nyepesi, nikazidisha. Hilo ndilo kosa langu kwenye Sauvage ya Dior, ile EDT iliyotoka mwaka 2015 mkononi mwa François Demachy. Inaanza na bergamoti, tunda la jamii ya ndimu na machungwa, pamoja na pilipili, na mwanzo wake ni mzuri, siwezi kusema uongo. Lakini nguvu yake iko kwenye ambroksani, kemikali inayoshika nafasi ya ambari, ile ile ambari ya nyangumi iliyouzwa na wafanyabiashara wa mwambao huu karne nyingi zilizopita. Kemikali hiyo ina tabia ya kumchosha pua anayeivaa: baada ya saa moja hujisikii tena, ukadhani imekwisha, ukaongeza, kumbe wenzako wanakusikia tangu mlangoni. Nilijipulizia mara tano asubuhi moja ya Machi. Mama mmoja wa uhasibu, ambaye kwa kawaida hulalamikia vumbi la barabarani, aliinuka kimya akafungua dirisha. Sikuuliza sababu. Tangu siku hiyo hujipulizia mara mbili tu, moja kifuani chini ya shati na moja nyuma ya shingo, na haijapata kuleta matatizo.

Bleu de Chanel ya mwaka 2010, kazi ya Jacques Polge, ni ya mtu asiyetaka kukosea. Ina balungi, tangawizi, mwerezi na ubani kwa mbali, na jasho haliiharibu. Nimeivaa mwaka mzima na hakuna aliyewahi kuniuliza nimevaa nini. Wewe amua kama hiyo ni sifa au ni kasoro.

Ninayoipenda ni Terre d'Hermès, ambayo Jean-Claude Ellena aliitunga mwaka 2006. Dakika za mwanzo ni chungwa lililomenywa karibu na uso wako, pamoja na ule uchungu wa ganda. Kisha inakuja harufu ambayo sikuweza kuipa jina mpaka nilipokumbuka tulivyokuwa tukigonga mawe mawili gizani tukitafuta cheche: ni harufu ya gumegume. Mwisho hubaki vetiva, yaani mizizi mikavu ya nyasi, na hiyo ndiyo iliyonishangaza, kwa sababu nikiwa kwenye kivuko cha Likoni saa kumi na moja jioni, katikati ya baiskeli, mikokoteni na watu wenye jasho kama langu, nilikuwa bado naisikia kwenye mkono, kavu na safi. Dada yangu anasema inanukia kizee, na sitabishana naye.

Ama EDT na EDP, usiyatazame kama dhaifu na kali. EDP kwa kawaida ina kiasi kikubwa zaidi cha mafuta ya harufu, lakini mara nyingi mchanganyiko wenyewe nao hubadilishwa, ukaongezwa vitu vizito na vitamu. Joto hukimbiza vitu vyepesi kama ndimu katika muda wa robo saa, na hufurisha vile vizito. Ndiyo maana Eros ya Versace, ya mwaka 2012, yenye nanaa, tofaa, tonka na vanila, huifurahia usiku wa harusi, lakini mchana ndani ya matatu imenikumbusha haluwa iliyosahauliwa juani.

Baharia Mstaafu, Tanga, amejibu:

Wanangu, mmenikumbusha mbali. Nilifanya kazi kwenye chumba cha mashine cha meli za mizigo kwa miaka mingi, na chupa yangu ya kwanza ya Ulaya niliinunua Hamburg mwaka 1991. Ilikuwa Cool Water ya Davidoff, iliyotungwa na Pierre Bourdon na kutoka mwaka 1988. Siku zile ilikuwa kitu kipya, kwa maana wanaume wengi tuliowajua walijipaka manukato mazito ya viungo au losheni ya baada ya kunyoa, na hii ilikuja na ubaridi wa nanaa na lavenda kama mtu aliyetoka kuoga sasa hivi. Kwa jua la Tanga bado naisifu, na bei yake ni ya chini kuliko hizo mlizozitaja. Inawahi kuondoka, hilo ni kweli, lakini mtu anaweza kubeba kichupa kidogo mfukoni akajirudishia baada ya swala ya adhuhuri.

Kilichonichekesha ni kule kuambiwa kwamba inanukia bahari. Wakasema hivyo hivyo kuhusu Acqua di Giò ya Armani ya mwaka 1996, kazi ya Alberto Morillas, ambayo inasimuliwa kwamba ilitokana na kisiwa cha Pantelleria huko Italia. Bahari ninayoijua mimi inanuka mwani, chumvi, dagaa na grisi. Bahari ya chupani ni tikiti maji, ndimu na maua meupe. Hata hivyo, Acqua di Giò ni nzuri sana kwa joto, na mwanangu mkubwa haijamwisha chumbani tangu alipopata kazi.

Lakini iliyobaki moyoni ni Fahrenheit ya Dior, nayo ya 1988. Mwenzangu mmoja aliinunua kwa mshahara wa wiki nzima, akaingia nayo kazini akiwa amejipulizia, nasi tuliokuwa tumelowa dizeli tukamuuliza kwa nini ametoa pesa zote hizo ili anukie kama sisi. Wenye pua watakueleza kwamba ni majani ya urujuani na ngozi, lakini mwanzo wake ni petroli, hakuna jina jingine. Baada ya saa mbili ile petroli inatulia, na hapo ndipo unamwelewa aliyeitunga. Kwa mwendokasi sikushauri. Mtu anaweza kudhani basi linavuja.

Mama watoto, kwa upande wake, aliikubali chupa moja tu katika zote nilizoleta nyumbani, nayo ni Eau Sauvage, ambayo isichanganywe na Sauvage ya sasa. Ni ya mwaka 1966, aliitunga Edmond Roudnitska, na ndani yake mna kemikali iitwayo hedioni inayoleta harufu ya asumini kwa upole. Mke wangu hakujua habari za hedioni, lakini aliinusa shingoni mwangu akasema, «Hii ina kikuba ndani.» Ile niliyonunua miaka ya karibuni naiona nyepesi kuliko ya zamani. Si manukato haya peke yake, kwani Ulaya imeweka mipaka kwa malighafi kadhaa, na mojawapo, lilial, ikapigwa marufuku kabisa kwenye vipodozi mwezi Machi 2022, kwa hiyo watengenezaji wamelazimika kubadilisha michanganyiko yao. Ukisifiwa kitu na mzee kama mimi, kanuse cha leo kwanza.

Mkazi wa Lang'ata amejibu:

Nawasalimu nyote, na shikamoo kwa mzee wa Tanga. Naandika kutoka Nairobi, ambako Julai tunavaa masweta, hivyo pua yangu haina mamlaka juu ya Februari ya Dar. Le Male ya Jean Paul Gaultier, ya mwaka 1995, yenye lavenda, nanaa na vanila nyingi, hapa kwetu huvalika hata mchana. Niliwahi kushuka nayo Mombasa Disemba na nikaijutia kabla treni haijafika Miritini. La Nuit de l'Homme ya Yves Saint Laurent ina iliki, na kila nikiivaa kuna mtu huuliza ni nani anapika chai. Kwenye joto, iliki hiyo inabaki vizuri kuliko nilivyotarajia, ingawa haidumu.

Nitamtetea Sauvage kidogo. Mwana wa Kibokoni alijipulizia mara tano, na hapo kosa si la chupa. Mimi nimesifiwa nayo mara nyingi kuliko nyingine yoyote, na watu wanaosema imezoeleka mno huwa ni wale wanaokusanya chupa arobaini. Jirani kwenye basi hana habari kwamba imezoeleka.

Mwana wa Kibokoni amejibu:

Nakubali kuhusu mara tano. Kuhusu kuzoeleka, ofisini kwetu tuko wanaume kumi na wawili na wanne wanaivaa. Tukipanda lifti pamoja, hakuna anayeweza kusema ni harufu ya nani.

Abiria wa Kimara amerudi:

Nashukuruni sana, na shikamoo mzee wangu. Nimefuata mawaidha yenu kwa vitendo. Jumamosi nilikwenda kwenye duka lenye chupa za kujaribia, nikaacha vile vikaratasi vyao, nikapulizia Sauvage mkono wa kulia na Terre d'Hermès mkono wa kushoto, na Acqua di Giò kwenye kiwiko cha ndani, nikaandika herufi S, T na A kwa kalamu ya wino ili nisichanganye. Kisha nikapanda basi kurudi Kimara saa saba mchana, jua likiwa utosini.

Acqua di Giò ilinipendeza kuliko zote kwa muda wa saa moja na nusu, baada ya hapo nikawa naitafuta. Sauvage ilifanya kama mlivyosema: mimi mwenyewe niliacha kuisikia tulipofika Ubungo, lakini nilipoingia nyumbani mke wangu akiwa jikoni, tena anakaanga samaki, aliniuliza leo nimepita saluni gani. Terre d'Hermès ilinichanganya. Mwanzoni niliona kweli ni chungwa, katikati nikaona kama vumbi la kokoto, nikataka kuiondoa kwenye orodha. Wino wa herufi ulikuwa umefutika kwa jasho, lakini saa nne usiku nilipolaza kichwa juu ya mkono, ilikuwepo, tulivu, na nikajikuta nainusa tena na tena kama mtu aliyepoteza kitu.

Nimenunua ile ya mililita 50, EDT, baada ya kulinganisha namba za chini ya chupa na za boksi mbele ya muuzaji, ambaye hakupenda lakini alivumilia. Naihifadhi kabatini, mbali na dirisha. Leo ni wiki ya pili. Binti yangu wa miaka sita huniambia asubuhi kwamba nanukia chungwa na anataka kipande. Jioni nikirudi ananusa mkono ule ule, anakunja uso, ananiuliza leo nilikuwa nachimba wapi.