Risiti mbili, namba moja (gumzo la kikundi cha ukoo)

*Shangazi Mwana:* Asalaam aleikum. Farhani uko wapi mwanangu, ile programu yako ya dukani imenitia aibu leo. Fundi wa mabati kaja na risiti namba 1184, mama wa rangi naye kaja na 1184, mmoja bati ishirini mwingine kopo moja la rangi, na wote wananitazama mimi

*Farhani:* Waaleikum salaam, shikamoo shangazi. Uliifungua mara ngapi asubuhi?

*Shangazi Mwana:* Marahaba. Mara moja tu

*Rehema:* Mama muogope Mungu 😂😂 nilikuwepo. Ulibonyeza ukaona kimya ukabonyeza tena na tena, kompyuta yenyewe inaamka kwa kujivuta, mara yakatokea madirisha matatu yamelaliana

*Farhani:* Basi ndo hapo. Kila dirisha ni programu nzima inajitegemea, ikiamka inasoma risiti ya mwisho ni 1183 inaikariri, kwa hiyo kila moja risiti yake ya kwanza ni 1184. Hilo la kukariri ni uzembe wangu, namba ilitakiwa itolewe na databesi, lile daftari moja la kumbukumbu wanalotumia wote, wakati wa kusevu. Ila programu nayo isikubali kufunguka mara mbili

*Sele:* si iangalie tu kwenye taskimenija, ile orodha ya programu zilizo wazi, kama jina lake lipo, likiwepo ijizime

*Farhani:* Shangazi anabonyeza kama cherehani bana. Zinaamka mbili kwa mpigo, kila moja inamwona mwenzake, zote zinajizima 😅

*Baba Mkubwa:* Wewe si ulisema wiki iliyopita umeshaitengeneza? Juzi umeme umekatika, uliporudi ikagoma mpaka saa sita mchana, inaandika "programu tayari imefunguliwa" na kwenye skrini hakuna kitu.

*Farhani:* Ni kweli baba mkubwa nisamehe. Nilitumia njia ya kifaili, na juzi ilipogoma nikaiondoa, ndo maana leo yamefunguka matatu. Ikifunguka inaweka kifaili kwenye foda, ikifungwa inakifuta, nyingine ikija ikikikuta inajua kuna mtu. Umeme ukikatika haipati nafasi ya kufuta. Ni kama ndala mlangoni mwa choo cha nyumba ya kupanga, mtu katoka pekupeku kaziacha, wapangaji wote wamesimama na makopo wanasubiri na ndani hamna mtu

*Rehema:* 🤣🤣🤣

*Sele:* hata Word inaacha ndala, yale mafaili yaliyofichwa yanayoanza na ~$

*Farhani:* Enhee hayohayo, ndo maana dokumenti inaweza kukwambia inatumika na mtu na kumbe mtu mwenyewe ni wewe wa jana.

*Farhani:* Sasa nimehamia kwenye myuteksi. Hapo huweki alama mwenyewe, unaiomba Windows ufunguo wenye jina fulani. Wa kwanza anapewa, wa pili anaambiwa upo tayari. Kuomba na kupewa ni tendo moja, hata zikija mbili kwa mpigo anapita mmoja

*Shangazi Mwana:* Na huyo mwenye ufunguo akifia humo chooni?

*Farhani:* Hapo ndo utamu wake shangazi, ufunguo anao mama mwenye nyumba. Programu ikifa Windows inauchukua yenyewe, na kompyuta ikizimika hakuna kinachobaki kwenye diski

*Baba Mkubwa:* Mimi na Mwana kila mtu anaingia kwa akaunti yake. Yeye akiacha imefunguka, nami nikaingia kwangu bila kumtoa?

*Farhani:* Swali zuri hilo, mimi mwenyewe lilinipita. Jina la kawaida linaonekana ndani ya seshen moja tu, yaani kwa mtu mmoja aliyeingia kwa akaunti yake, wewe ungefungua ya pili bila shida. Inabidi jina lianze na Global\ ndo lionekane kwa wote. Naongeza sasa hivi, na wewe itakwambia iko wazi kwenye akaunti nyingine

*Rehema:* Ila mama akibonyeza mara ya pili usimwekee ule ujumbe wa kumgombeza, atakupigia simu

*Farhani:* 😂 hapana, ile ya pili inaiita ya kwanza ije mbele halafu yenyewe inajifia kimyakimya, hata kama dirisha alilishusha chini. Nimetuma toleo jipya, jaribuni

*Shangazi Mwana:* Nimebonyeza mara nne linakuja lilelile. Haya, na huyu wa bati ishirini bado kakaa kwenye benchi, nimwandikie namba gani?